Neno "Leave" na Safari Ambayo Evarist Hakuiomba

Hongereni sana, vijana. Nimeambiwa mmepata kazi ya ukalimani, na kwamba mlipofika mjini Kibondo kitu cha kwanza kununua kilikuwa miwani isiyo na nguvu yoyote, ili muonekane mmesoma. Vizuri. Miwani inasaidia. Mimi nimefanya kazi ya lugha miaka yote bila miwani, na ndiyo maana nimestaafu nikiwa na kuku badala ya gari.

Wawili wenu mlikuja kwangu juzi, mkanywa chai yangu, mkaniuliza ni neno gani la Kiingereza lililonitesa kuliko yote. Kalamu mlishazitoa. Niliona mnatarajia neno refu, yale ya semina, ambayo mtu akiyatamka inabidi apumzike katikati. Nikawaambia ni "leave". Mkatazamana. Mmoja wenu, sitamtaja kwa sababu mama yake ni rafiki yangu, akasema, "Bi Mwajuma, hilo si tulifundishwa shule ya msingi?" Ndiyo, mwanangu. Na kutembea ulijifunza hata kabla ya hapo, lakini Jumamosi nimekuona umeanguka kwenye tope mbele ya soko.

Kwa wale ambao hawajawahi kunywa chai yangu: mimi ni Mwajuma, mtoto wa muuza vitenge wa Kasulu. Babu alitoka Pangani, akaja na biashara, baridi ya huku ikamkuta, akaapa atarudi pwani, na kaburi lake liko Kasulu. Nyumbani tulisema Kiswahili, uwanjani tukacheza kwa Kiha, madrasa tukakariri Kiarabu bila kukielewa, na shuleni tukafundishwa Kiingereza na mtu ambaye naye hakukielewa. Nikakipenda hivyo hivyo. Nimekifundisha sekondari hapa Kibondo mpaka serikali iliposema imetosha. Halafu wenzetu wa mashirika ya wakimbizi wakanichukua kuwa mkalimani kambini, kwa sababu nasema Kiha, na anayesema Kiha anamwelewa Mrundi bila kutoa jasho.

Sasa hilo neno lenu la shule ya msingi.

Mkuu wetu mmoja wa shule alikuwa na tabia ya kuandika matangazo ya ubao kwa Kiingereza, ili wazazi wakija wajue ada yao haipotei. Siku moja akaandika kwamba mwalimu wa hesabu yuko "on leave". Alimaanisha likizo. Wanafunzi wa kidato cha kwanza, ambao wiki hiyo nilikuwa nimewafundisha majani ya mti, yaani "leaves", wakaelewa kwamba mwalimu wa hesabu amekaa juu ya jani. Walilipokea kwa utulivu mkubwa. Walimu wa hesabu wamezoeleka kufanya mambo ya ajabu.

Katika mtihani wa muhula huo nikawaambia watunge sentensi yenye neno "leaves". Kijana mmoja wa Murungu akaandika kwamba baba yake "leaves" kila asubuhi na mbuzi wanamla. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Sarufi haikuwa na kosa hata moja. Nikampa nusu alama, nusu nyingine nikamwekea baba yake.

Halafu kuna binti mmoja wa Kasanda, mwanafunzi wangu, mwenye akili na mdomo. Alimaliza kidato cha nne, akaitwa Kasulu kwenye usaili wa kazi ya ghala. Mabwana watatu wamekaa nyuma ya meza, tai zimewabana, wakamuuliza kwa Kiingereza ni lini "ali-leave" shule. Binti akanyooka kama aliyechomwa sindano.

"Mimi sijaacha shule!" akajibu kwa Kiswahili. "Nimemaliza! Mama yangu ameuza ng'ombe ili nimalize, leo nije kuambiwa nimeacha?"

Mnajua wenyewe huku kwetu tunaposema msichana ameacha shule tunamaanisha nini, na macho yetu yanaelekea wapi tukisema hivyo. Wale mabwana hawakujua wamemtukana, naye hakujua hawajamtukana. Wote wanne walikuwa wazawa wa mkoa huu huu, wanasema Kiha kama mimi, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kukitumia, maana hiyo ingekuwa aibu. Kazi alipewa mwingine, aliyekubali bila ubishi kwamba aliacha shule.

Nanyi msicheke mkidhani siku hizi mna simu. Ofisi moja hapa mjini, ambayo sitaitaja, iliomba simu iwatafsirie tangazo la kuwataka wageni waache viatu nje. Simu ikatafakari, ikaja na "Likizo viatu vyako nje." Likabandikwa. Likakaa mlangoni msimu mzima wa mvua, na kila mtu alivua viatu, kwa sababu aliona rundo la viatu vya waliomtangulia. Mkurugenzi wao hadi leo anaamini simu inajua Kiswahili.

Lakini maana za neno ni nusu ya shida. Nusu nyingine iko mdomoni, na hii nilifundishwa na Mwalimu Filemoni.

Filemoni alikuwa mwalimu mkongwe wa Kiingereza nilipoanza kazi. Mtu mrefu, koti moja, hasira fupi. Aligundua kwamba sisi wote wa huku, tukisema "live", yaani kuishi, na tukisema "leave", yaani kuondoka, tunatoa sauti ile ile. Kiswahili hakijatupa sababu ya kuzitofautisha, na Kiha hakikutaka kuingilia. Ukimwuliza mtu unaishi wapi, anakujibu kwa Kiingereza safi kwamba anaondoka Kibondo, na anakujibu akiwa amekaa.

Dawa ya Filemoni ilikuwa usoni. "Ukitaka kuondoka, tabasamu," alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Vuta midomo mpaka masikioni, sauti iwe ndefu. Ukitaka kuishi, legeza taya kama umechoka, sauti iwe fupi." Nilimuuliza kwa nini mtu atabasamu akiondoka na achoke akiishi. Akaniambia, "Mwajuma, wewe umeanza kazi mwezi uliopita. Utaelewa."

Mbinu hiyo ilifanya kazi vizuri sana mpaka alipokuja mkaguzi. Mkaguzi aliingia, akauliza swali, na darasa zima likamkenulia meno kwa pamoja, kisha likalegeza taya kwa pamoja, kisha likamkenulia tena. Yule bwana alitoka nje akiamini amedhihakiwa. Filemoni aliitwa ofisini kujieleza, na alipokuwa anajieleza ilibidi naye akenue. Mambo yakawa mabaya zaidi.

Basi, na mkalimani aliyejua yote hayo ndiye aliyekuwa anakunywa chai nyuma ya mahema siku ambayo Evarist alijiandikishia safari.

Evarist alikuwa Mrundi wa upande wa Ruyigi, mwalimu wa shule ya msingi huko kwao kabla hajakimbia. Alikuja na mkewe Langwida. Kambini alijifunza Kiingereza mwenyewe, kwa redio na kwa kusoma maandishi ya magunia ya unga. Shati lake lilikuwa limefungwa hadi kifungo cha juu, kalamu mfukoni, na alipokuwa anakwenda kuchukua mgao alitembea kama anayekwenda kukagua mgao. Sikumcheka. Naam, nilimcheka kidogo, lakini nilimheshimu.

Wakati huo maafisa walikuwa wanaita familia moja moja na kuzisikiliza: nani anataka kurudi Burundi, nani anataka kubaki. Hakuna kulazimishwa, walisema, kila mtu aseme la moyoni. Zamu ya Evarist ilipofika nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti changu cha mkalimani. Akanisalimia kwa heshima zote, kisha akabaki amesimama.

"Mama mwalimu," akaniambia kwa Kiswahili chake, "usikasirike. Mimi sitaki mukalimani. Mutu anayesemewa anaonekana mutoto."

Nikanyanyuka, nikatoka. Afisa aliyekuwa anamhoji aliitwa Klara, msichana kutoka Ulaya, mpole, mwenye mafua yasiyoisha kwa sababu ya vumbi letu. Naye Kiingereza alikuwa amekisoma shuleni tu, kwao wanasema lugha nyingine kabisa. Kwa hiyo kwenye hema lile walibaki watu wawili wanaozungumza lugha ambayo haikuwa ya mama wa yeyote kati yao, na mtu pekee aliyelipwa kuielewa akaenda kunywa chai. Langwida hakuitwa. Alikuwa nje na mabinti zake wawili wadogo, kwa sababu mkuu wa familia alishaingia.

Yaliyosemwa ndani nilikuja kuyasikia baadaye kutoka kwa wote wawili, na cha ajabu walisimulia maneno yale yale. Klara aliuliza familia inapenda nini. Evarist akajibu, "I want to live here." Nataka kuishi hapa. Lakini kwa mdomo wetu wa huku, bila tabasamu wala taya, Klara alisikia kwamba anataka kuondoka hapa.

Akamuuliza ana uhakika? Evarist akasema hajawahi kuwa na uhakika wa jambo lingine kama hilo. Akamuuliza amelifikiria tangu lini? Tangu siku ya kwanza nilipofika, akajibu, sikuwaza kingine ila "to live". Klara akaona, maskini, huyu mtu ameteseka kweli. Akamuuliza je, na mkewe? Evarist, ambaye nadhani alikuwa ameitunza sentensi hii kwa siku kadhaa akingoja mahali pa kuiweka, akasema: "Madam, I cannot live without her." Bibie, siwezi kuishi bila yeye. Klara akaandika: hawezi kuondoka bila mkewe. Nadhani hata machozi yalimlengalenga. Wakapeana mikono. Evarist alitoka hemani akiwa amekua kimo.

"Imekwendaje?" nikamuuliza.

"Ni kama vile tumezaliwa pamoja," akasema.

Baada ya hapo Evarist alianza maisha mapya. Alikandika nyumba upya. Akapanda mipapai miwili nyuma ya jiko, na mtu anayepanda mpapai ana mipango. Majirani walimwona wakashangaa, kwa sababu wengine walishaanza kunong'ona kwamba jina lake limo miongoni mwa wanaorudi. Nani angemwambia? Kila mmoja alidhani anajua na ana sababu zake.

Kisha asubuhi moja kipaza sauti kikasoma majina ya familia zitakazopanda basi wiki ijayo. Langwida alikuwa kwenye foleni ya maji. Wanawake wenzake wakaanza kumpongeza na kumuaga. Mmoja akamwomba amwachie sufuria.

Nilimwona akija ofisini kwa mwendo ambao hata mlinzi alisogea. Langwida alikuwa mwanamke mnyamavu, mfupi, wa kutazama chini. Siku hiyo alitazama mbele.

"Mwalimu," akaniambia, "Baba Yohana amekubali turudi. Amekubali peke yake. Mimi nimesikia kwa kipaza sauti, kama redio."

Nyuma yake Evarist akaja mbio, shati limefunguka kifungo cha juu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Sikukubali! Nilisema tunabaki! Nilisema mara nyingi!"

"Basi mbona tumo kwenye basi?"

"Muulize Madam!"

"Mimi Kiingereza nakijulia wapi? Si chako?"

Tukaingia wote kwa Klara. Safari hii nilikaa kwenye kiti na sikunyanyuka. Klara akasema kwa masikitiko kwamba bwana huyu alisema wazi anataka kuondoka. Evarist akasema kwa masikitiko makubwa zaidi kwamba alisema wazi anataka kuishi. Wakarushiana sentensi ile ile, ikienda na kurudi, kila mmoja akiamini mwenzake amegeuka. Langwida akaniuliza wanagombea nini. Nikamwambia wanakubaliana, lakini hawajui. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuombwa nitafsiri Kiingereza kwenda Kiingereza, na malipo ni yale yale.

Nikaona nitumie ile dawa ya Mwalimu Filemoni. Nikamwambia Evarist alegeze taya. Akalegeza, akasema, ikatoka "leave". Nikamwambia ajifanye amechoka. Akasema, "Mwalimu, nimechoka kweli," kisha akasema tena, ikatoka "leave" ndefu kuliko ya kwanza. Klara akajaribu kutusaidia kwa kuonyesha mdomo wake mwenyewe, na kwa yale mafua yake sikusikia tofauti hata kwake. Hapo ndipo Klara alipoacha kutamka. Akamtazama Evarist, akanitazama mimi, uso ukamgeuka rangi, akajishika kichwa. Alikuwa ameelewa. Akasema pole, akaisema tena na tena. Evarist naye akaomba radhi, ingawa sijui ya nini. Wangeendelea kuombana radhi mpaka basi liondoke, kama si Langwida.

"Kwa nini unataka kubaki?" akamuuliza mumewe kwa Kirundi.

Evarist akaanza kumjibu kwa Kiingereza. Naapa. Alikuwa amekizoea kwenye chumba hicho.

"Niambie mimi," Langwida akasema. "Mimi ndiye nakuuliza."

Nilianza kumtafsiria Klara kwa sauti ya chini, kama kazi inavyotaka: usimeze neno, usiongeze neno, usijitie katikati. Nadhani kwa dakika chache zilizofuata nilifanya hivyo, ingawa haikuwa rahisi.

Evarist akafunga kifungo chake cha juu, akakifungua. Halafu akasema kwa Kirundi, polepole, kwamba yeye hawezi kumwacha Yohana.

Sisi wote ofisini tulikuwa tumemsikia Langwida akimwita Baba Yohana tangu walipokuja, na tulikuwa tunawajua mabinti wawili, na hakuna hata mmoja wetu, mimi wa kwanza, aliyewahi kuuliza Yohana yuko wapi. Alikuwa mtoto wao wa kwanza. Malaria ilimchukua mvua za mwanzo, kabla hata nyumba yao haijapata paa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kambi, mahali makaburi yanapopakana na mashamba ya mihogo ya wenyeji, na kila Jumapili baada ya ibada Evarist alikuwa anakwenda kuling'olea magugu kwa mkono.

"Nani atamwangalia?" akasema. "Msimu mmoja tu wa mvua, nyasi zinafunika, hakuna atakayejua hapo kuna mtu."

Klara aliweka kalamu chini. Nikadhani tumemaliza: familia inabaki, jina linafutwa, chai inaendelea. Lakini Klara, namsifu kwa hili, alifanya jambo ambalo alipaswa kulifanya mwanzo. Alimgeukia Langwida akamuuliza, "Na wewe, mama, unataka nini?"

Nikatafsiri. Langwida akatazama mikono yake.

"Ndashaka gutaha," akasema. Nataka kurudi nyumbani.

Evarist aligeuka kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua.

Mama yake Langwida bado yu hai huko Ruyigi. Macho yake yamekufa, analishwa na jirani, na kila anayetoka huko analeta habari kwamba kikongwe anauliza mlangoni, kila akisikia hatua, kama ni Langwida. Habari hizo alikuwa anazipokea kwenye foleni ya maji na kurudi nazo nyumbani akiwa amenyamaza, miaka yote hiyo. Hakuna aliyemwuliza. Mashirika yalikuwa na semina za sauti ya mwanamke, nimezikalimani mwenyewe, tulikula na biskuti, lakini wakati wa kuuliza swali lenyewe tulimwita mkuu wa familia.

"Kwa nini hukuniambia?" Evarist akamuuliza.

"Ningekwambiaje, na wewe kila Jumapili unarudi na udongo kwenye magoti?"

Evarist akasema tena kwamba hawezi kumwacha mtoto. Hapo alitumia neno "gusiga". Langwida akamjibu kwamba gusiga si "guta". Nanyi mnaosema Kiha mmeshaelewa. Gusiga ni kumwacha mtu mahali, ukaenda, na moyo ukabaki naye. Guta ni kumtupa. Mimi nikafungua mdomo kumtafsiria Klara na nikakuta Kiingereza kimenipa neno moja kwa yote mawili, lile lile la shule ya msingi. Nikilifuata, mama aliyezika mtoto ataonekana anasema kwamba kuacha si kuacha, na afisa ataandika kwamba mama amechanganyikiwa. Sekunde zinakwenda, watu watatu wananitazama. Nikaliweka pembeni. Nikasema kwa Kiingereza cha kawaida kabisa: anasema kwamba wakienda, mtoto atabaki hapa, lakini hawatakuwa wamemtupa.

Klara akaitikia kwa kichwa, akatoa leso. Safari hii haikuwa mafua.

Wiki ile hawakuondoka. Klara aliwatoa kwenye basi siku hiyo hiyo, akaenda mwenyewe kwa wakubwa wake kueleza kilichotokea, na wakubwa wakafanya wanachofanya wakubwa: wakaandaa semina. Tangu siku hiyo ikawa amri kwamba mume na mke wote wanaulizwa, na mkalimani anakaa ndani hata kama mhojiwa amezaliwa na Kiingereza mdomoni. Mkiingia kazini mtaikuta amri hiyo, na mtalalamika kwamba inachelewesha foleni.

Evarist na Langwida walikaa bila kuzungumza kwa muda, kisha wakaanza. Niliwaona Jumapili wakienda makaburini pamoja, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Sijui walichosemezana huko, wala haikunihusu, hapakuwa na mtu wa kumtafsiria. Mipapai ilizaa. Ilipozaa wakala, wakagawa mengine kwa majirani, na yule mwanamke wa foleni ya maji hatimaye akapata sufuria yake.

Siku chache kabla hawajapanda basi la kurudi Burundi, safari hii kwa hiari yao wote wawili, walipata kibali cha kutoka kambini wakaja nyumbani kwangu. Langwida alinibebea papai. Evarist alivaa shati lake. Akakaa kwenye kigoda, akaikataa chai, akaikubali, akaiweka chini. Nilijua amekuja na hotuba, nikamngojea aanze kwa Kiingereza.

Akasema kwa Kiswahili. "Mama mwalimu, wewe ni mutu wa hapa. Wewe huendi mahali."

"Siendi," nikasema. "Niende wapi na kuku hawa?"

"Nataka nikuonyeshe mahali."

Tulikwenda watatu. Ni mahali padogo, mawe manne, na jiwe la tano kichwani ambalo Evarist alikuwa amelichonga herufi ya kwanza tu ya jina, kwa sababu jiwe lilikuwa gumu. Langwida alinionyesha lipi ni gugu na lipi ni ua alilopanda, maana yakiwa machanga yanafanana. Hakuna aliyelia. Evarist alinieleza namna ya kung'oa yale yenye mizizi mirefu: usivute kwa hasira, yanakatika. Nilimsikiliza kama mwanafunzi, na ninyi mnaonijua mnafahamu kwamba hilo si jambo la kawaida.

Sasa wako Ruyigi. Evarist amerudi kufundisha, anawafundisha watoto wa watu Kiingereza, na Mungu awasaidie watoto hao wakihojiwa. Ananipigia kwa simu ya jirani, mtandao ukipenda. Juzi, mlipokuwa mnakunywa chai yangu na kuangalia saa, ile simu niliyotoka kuipokea nje ilikuwa yake. Kwanza alinipa Langwida. Akaniambia mama yake sasa haulizi tena mlangoni, anauliza tu chakula kitaiva lini, na kwamba analalamika kimezidi chumvi. Alisema hivyo akicheka.

Kisha Evarist akachukua simu. Hakuuliza hali yangu wala ya kuku.

"Mama mwalimu, huko mvua imeanza?"

"Imeanza," nikamwambia. "Tangu wiki iliyopita."

Nikasikia watoto wanapiga kelele nyuma yake.

"Basi nyasi zimeota."

"Zimeota," nikasema. "Nilikuwa huko jana. Nimeng'oa zote, na ua la mama yake Yohana nimeliacha."